Mdogo wangu alipasuliwa moyo akiwa na miaka 7. Leo ana 31 na sukari imeanza kupanda. Waliopitia haya tuongee

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Kazi yangu ni maabara. Mwaka wa kumi na moja huu natoboa vidole vya watu na kuwaandikia majibu. Uzi huu naufungua kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, na kwa yeyote humu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo utotoni akaambiwa amepona.

Jumapili moja mwezi wa pili mama alikuja kwangu asubuhi nimpime sukari. Yeye ni mtu wa presha, hupenda kujua namba zake. Dogo ndiye aliyemleta kwa pikipiki. Mama akatoka 5.2, akafurahi. Dogo naye akanyoosha kidole: "Kaka, na mimi." Hata chai alikuwa hajanywa. Mashine ikasoma 6.8. Sikushtuka, kwa sababu alikuwa ametoka kushika papai lililoiva pale mezani, na utomvu wa tunda ukibaki kwenye ngozi mashine huusoma kama sukari ya damu. Nikamtuma akanawe kwa sabuni na kukausha mikono. Nikachukua kidole cha mkono wa pili, tone la kwanza nikalifuta, la pili nikapima. 6.7.

Kesho yake nikamtoa damu ya mshipa, tumbo tupu tangu usiku: 6.4. Nikamnywesha glukosi gramu 75, baada ya saa mbili 9.6. Kwa wasiozoea namba hizi: kabla ya kula, ikifika 7.0 kwa vipimo viwili ni kisukari. Baada ya glukosi, chini ya 7.8 ni sawa, 11.1 kwenda juu ni kisukari. Yeye yuko katikati, sukari ya mpakani. Trigliseridi, yale mafuta ya damu, 2.1. HDL, ile kolesteroli nzuri, 0.9. Nikazungusha futi ya fundi cherehani kiunoni: sentimita 97.

Sasa mwone mwenyewe. Urefu 168, kilo 70. Akivaa shati huwezi kumwita mnene. Mikono myembamba, mapaja membamba, ila kitambi kidogo kigumu mbele. Halafu katikati ya kifua lile kovu refu, limepanuka alipokua.

Alizaliwa na tetralojia ya Fallot, imepewa jina la daktari Mfaransa aliyeielezea mwaka 1888. Ni kasoro nne kwa pamoja: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia ya kupeleka damu kwenye mapafu imebana, mshipa mkuu umekaa juu ya lile tundu, na ukuta wa chumba cha kulia umenenepa kwa kusukuma kwa nguvu. Damu isiyopita kwenye mapafu inachanganyika na safi, mtoto anakuwa wa bluu. Sisi tulijua midomo yake tu, rangi ya zambarau kama amekula matunda. Akicheza kidogo na wenzake alikuwa anachuchumaa. Anakimbia hatua chache, anachuchumaa, magoti kifuani, anahema. Tulimcheka. Baadaye ndiyo nikasoma kwamba kuchuchumaa kunabana mishipa ya miguu, na damu inasukumwa zaidi kuelekea kwenye mapafu. Mwili wa mtoto wa miaka minne ulikuwa umejitafutia dawa wenyewe.

Akapata bahati ya kupelekwa India. Treni ya reli ya kati mpaka Dar na mama, kisha ndege. Waliporudi midomo ilikuwa imekuwa kama yetu. Mama alilia stesheni mbele za watu.

Na hapo ndipo penye jambo nililokuja kulisema. Moyo ulishonwa, lakini nyumbani tuliendelea kuishi naye kama hajashonwa. Mama alimlea kama yai. Usikimbie. Usiogelee. Michezo shuleni alikaa chini ya mwembe akitunza viatu vya wenzake. Hakuwahi kubeba ndoo ya maji, si mara moja. Sisi wengine tulibeba na zake. Na kwa kuwa alirudi mifupa mitupu, mama aliapa atamnenepesha: ugali wa muhogo mlima, migebuka ya kukaanga, maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka mchuzi unang'aa, chai vijiko vinne vya sukari. Hakuna daktari aliyetuandikia tufanye hivyo miaka 24. Ulikuwa upendo, na sisi sote tulishiriki.

Tangu ile Jumapili nimesoma kila nilichoweza kupata. Nawawekea nilichoelewa.

Kwanza, si yeye peke yake. Upasuaji wa kwanza wa kurekebisha Fallot ndani ya moyo ulifanyika Minneapolis mwaka 1954, daktari akiwa Lillehei. Kabla ya hapo wengi wa watoto hawa hawakufika utu uzima, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza wakifika miaka 40 sukari yao itakuwaje. Leo kwenye nchi zenye huduma nzuri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa na kasoro za moyo wanafika ukubwani. Ndiyo maana haya mambo yanaonekana sasa. Denmark, wanakotunza kumbukumbu za afya za kila raia, walifuatilia watu hawa wakaona kwamba baada ya miaka 30 wanapata kisukari cha aina ya pili zaidi ya wenzao wa rika moja, na waliozaliwa wa bluu zaidi ya wasiokuwa wa bluu. Marekani nako walilinganisha watu wazima wenye kasoro za moyo na wasio nazo, wakaangalia ule mkusanyiko wa mambo matano: kiuno, presha, sukari, trigliseridi na HDL. Matatu kati ya hayo yakiwa mabaya unahesabiwa unao. Wenye kasoro za moyo walikuwa asilimia 15, wenzao 7.4. Dogo ana manne. Presha tu ndiyo imesalimika.

Pili, kwa nini. Hapa nimekaa sana, kwa sababu watu wanadhani sukari inahusu kongosho peke yake. Ukila, sehemu kubwa ya ile sukari inaenda kuhifadhiwa kwenye misuli. Misuli ndiyo ghala. Mtu aliyekaa chini ya mwembe utoto wote ghala lake ni dogo. Wanga ule ule ninaokula mimi, kwangu unapata pa kuingia, kwake unabaki unazunguka kwenye damu, kongosho linaongeza insulini, kisha ini linaugeuza mafuta, yanajikusanya tumboni. Uzito kwenye mizani unaonekana wa kawaida kwa sababu misuli imepungua na mafuta yameongezeka, vikafidiana. Mizani haikutuonyesha chochote. Futi ya shilingi chache ndiyo iliyoonyesha.

Ongeza na hili: watoto wengi wenye kasoro za moyo huzaliwa wadogo au wanadumaa kabla ya upasuaji, halafu wananenepeshwa haraka. Mwili uliojifunza uhaba tangu mwanzo ukija kushibishwa ghafla huelekea kuweka akiba ya mafuta. Halafu dawa. Atenolol na propranolol, na baadhi ya vidonge vya kukojoza, vinaweza kuinua sukari kidogo. Naomba sana mtu asisome hapa akaacha dawa ya moyo. Mpunguze au mbadilishe na daktari, si na mimi.

Mwisho, kilichoniuma. Dogo amehudhuria kliniki tangu arudi, kituo sitakitaja. Kila mwaka wanasikiliza kifua, mara chache wanampiga eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wanamwambia "moyo uko vizuri." Nimepekua madaftari yake yote, matatu. Sukari haikupimwa hata mara moja. Mafuta ya damu, hapana. Kiuno, hapana. Na mimi ndugu yake mtu wa maabara, wateja wangu nawapima kila siku, yeye sikuwahi. Sijasamehe hilo bado.

Wenye uzoefu karibuni. Hasa nataka kujua: mazoezi mliyaanzaje?

Mchangiaji wa 2

Pole sana mkuu. Lakini tusiwatishe watu. Kisukari siku hizi kiko kwa kila mtu, soda na chipsi. Sioni kinahusianaje na moyo ulioshonwa zamani.

Mtoa mada

Ahsante mkuu. Kweli kisukari kimeenea, na soda ina mchango wake hata kwa dogo. Ila wale wa Denmark walilinganishwa na watu wa nchi hiyo hiyo, wenye maduka yale yale na soda zile zile. Tofauti ilibaki. Simtishi mtu. Nasema tu aliyeshonwa moyo asisubiri afike 45 ndipo apimwe.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mama, Tabora, Ipuli. Binti yangu alizibwa tundu moyoni akiwa na miaka mitatu, sasa ana kumi na miwili. Nimesoma sehemu ya mwembe nikaweka simu chini. Wangu mwalimu alimwandikia barua ya kutocheza darasa la kwanza kwa maombi yangu mimi, na barua hiyo bado iko shuleni. Akirudi nampa matobolwa na asali, anashinda ndani. Je, tundu lililozibwa nalo ni hivyohivyo?

Mtoa mada

Dada yangu, usijilaumu, mama yetu angeandika barua hiyo hiyo kama angekuwa anajua kuandika. Kasoro hazilingani. Tundu dogo lililozibwa mapema, bila presha ya mapafu na bila mapigo kuyumba, mara nyingi mtoto huruhusiwa kucheza kama wenzake. Lakini ruhusa hiyo aitoe daktari wa moyo baada ya eko, usiitoe kwa maneno yangu. Nenda nalo hilo swali moja kwa moja: "Acheze nini, asicheze nini?" Mwombe aandike. Ile barua ya zamani iondolewe kwa barua mpya. Na matobolwa si sumu, ni viazi. Shida ni kuyamwagia asali halafu mtoto akalala.

Mchangiaji wa 4

Muuguzi hapa, Tabora pia, kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza. Naongezea mambo mawili ambayo nimeyaona yakipoteza watu.

La kwanza, uzito. Mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, hayo si mafuta, ni maji. Miguu inavimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo, usiku anahitaji mito ya ziada. Huyo aje hospitali siku hiyo hiyo. Akiongezeka kilo mbili kwa miezi mitatu, hapo ndipo tunaongea chakula. Nimeona kijana aliyejinyima kula wiki nzima akidhani ananenepa kumbe moyo unashindwa. Kwa hiyo mizani isitupwe, mtoa mada. Apimwe asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, aandike.

La pili, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c. Kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Mwenye selimundu, au mwenye vali (mlango wa moyo) ya chuma inayovunjavunja chembe, chembe zake haziishi muda wa kutosha, basi kipimo kinatoka chini kuliko hali halisi. Mwenye upungufu wa madini ya chuma kinaweza kutoka juu. Kwa huku kwetu hayo yote yapo. Kwa watu hawa naamini zaidi sukari ya tumbo tupu na ile ya glukosi.

Mtoa mada

Dada muuguzi, ubarikiwe. Hilo la HbA1c wenzangu wa maabara wengi hawalikumbuki wanapotoa majibu. Na la mizani nimerekebishwa, nakubali. Mizani kwa ajili ya maji, futi kwa ajili ya mafuta.

Mchangiaji wa 5

Kaka, mimi nina kijana wa miaka 19, tuko Urambo. Yeye alizaliwa na moyo wenye chumba kimoja tu cha chini kinachofanya kazi, akafanyiwa ile inayoitwa Fontan. Juzi kapimwa mafuta, kolesteroli iko chini kabisa. Tulishangilia. Kwa maelezo yako nisiwe na hofu?

Mtoa mada

Mzee wangu, shikamoo. Nitasema kwa uangalifu maana hapa si fani yangu. Upasuaji huo umepewa jina la Francis Fontan wa Bordeaux, aliyeufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Unaunganisha damu inayorudi kutoka mwilini moja kwa moja na mapafu bila kupita kwenye pampu. Inasaidia maisha, lakini presha ya damu kwenye mishipa ya kurudi inabaki juu daima, na kiungo kinachokaa kwenye foleni hiyo miaka yote ni ini. Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli. Kwa hiyo kolesteroli kuwa chini kwa mtu wa Fontan imeshaonekana mara nyingi, na si lazima iwe habari njema kama ilivyo kwangu na kwako. Wengine pia hupoteza protini kupitia utumbo, tumbo na miguu vikajaa. Usishtuke, ila muulize daktari wake lini alipimwa ini mara ya mwisho, kwa damu na kwa picha, na albumini yake, protini ya damu, ni ngapi. Na misuli pia. Watu wa Fontan misuli ya miguu inawasaidia hata kusukuma damu irudi juu, kwa kuwa hawana pampu upande ule.

Mchangiaji wa 5

Marahaba mwanangu. Ini halijawahi kutajwa kwetu. Nimeandika kwenye karatasi.

Mchangiaji wa 6

Nipo Ujiji, nina vali ya chuma, natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Niliposikia "kula kiafya" nikaanza mboga za majani kila mlo, sombe, matembele, mchicha. Damu ikawa nzito kwenye kipimo, nikaambiwa bado kidogo vali ingeshika bonge la damu. Waambieni watu wa vali wasibadilishe mboga ghafla. Kula, lakini kiasi kile kile wiki zote, na ukibadilisha mwambie anayekupima.

Mtoa mada

Huyu msikilizeni, sina cha kuongeza.

Mchangiaji wa 2

Nimerudi. Nimemkumbuka binamu yangu Kasulu, naye ana kovu la kifua, ana miaka kama 28. Nimempigia. Anasema tangu upasuaji hajawahi kutolewa damu ya sukari. Kesho anaenda.

Mtoa mada, miezi minne baadaye

Wakuu, nawarudishia mrejesho kama nilivyoahidi PM.

Tulimpeleka Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Eko ikaonyesha vali ya kwenda kwenye mapafu inavuja. Hilo ni la kawaida kwa waliorekebishwa Fallot, kwa sababu ile njia iliyobana ilipopanuliwa mara nyingi vali huachwa haifungi vizuri. Chumba cha kulia kimetanuka kidogo, bado hakihitaji vali mpya, ila atafuatiliwa maisha yake yote. Sisi tulidhani ile safari ya India ilimaliza kazi. Wakampima mapigo, wakamtembeza dakika sita kwenye korido wakihesabu mita. Kisha daktari akamwambia maneno ambayo hakuwahi kuyasikia: anaruhusiwa kutembea kwa kasi, kila siku, kiasi kwamba anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Akizunguka kichwa, mapigo yakikimbia au kifua kikibana, asimame na arudi hospitali. Vyuma vizito vya kukaza pumzi, hapana.

Wiki ya kwanza aliogopa. Tulishuka naye kutoka Mwanga mpaka stesheni, na wakati wa kupanda akasimama mara nne akishika kifua. Hakikuuma, alikuwa anasikiliza tu kama kitauma. Mtu aliyekatazwa miaka 24 hajui moyo unaodunda kwa kazi unasikikaje. Kwake kila mdundo ni hatari. Nilimwekea mkono wake kwenye kifua changu akasikia nao unadunda hivyo hivyo. Mwezi wa pili akawa anapanda bila kusimama.

Chakula hatukukivuruga. Ugali umepungua nusu, migebuka inachemshwa au kuchomwa, dagaa wapo kama kawaida. Mawese hatujayafukuza, ni mafuta ya kwetu na yana rangi ya vitamini A, lakini karibu nusu yake ni mafuta yale mazito, basi ni kijiko, si upawa. Chai kijiko kimoja, hilo ndilo aliloligombania kuliko yote. Dawa ya sukari hajaanzishwa.

Namba: tumbo tupu 5.7. Trigliseridi 1.6. HDL imepanda kidogo tu, 1.0. Kiuno 92. Kilo 69, yaani karibu pale pale, na mapaja yameanza kujaa.

Jana maji yalikatika mtaani, tukawa tunachota kwa jirani. Mama alikuwa amekaa kibarazani. Dogo akapita na pikipiki, mama akamwita, akampa ndoo ya lita kumi mkononi, akamwambia, "Niletee." Mama alisimama mlangoni muda wote mpaka dogo aliporudi nayo.